Ujumbe Uliopita Seva Ikiwa Imezimwa

Mimi sikuwepo, ila rafiki yangu fundi cherehani, mwanamke tuliyesoma naye darasa moja, si mtu wa porojo. Shemeji yake, fundi wa kompyuta, aliwawekea seva yao wenyewe, kisanduku kidogo tu stoo, ili ujumbe wa familia upite humo na si kwa kampuni yoyote. Mchana mmoja ujumbe ukagoma, shemeji akapiga simu.

"Nenda stoo, chomoa waya, vuta pumzi, chomeka tena. Si upasuaji huo."

"Nikipigwa shoti, nguo za wateja utashona wewe?"

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mtoto. Akamwacha amelala chumbani, akarudishia mlango, akaingia stoo. Haina dirisha, giza totoro, kisanduku kinakoroma kama paka. Akachomoa, kikanyamaza. Waya ungali mkononi, simu ikalia: ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, bila jina la aliyetuma, na seva imezimwa, sasa umepitia wapi? Akaufungua. Ni pumzi za mtoto wake, hata mimi za mwanangu ningezijua popote, na mtu anambembeleza taratibu, "shh, shh."

Akatoka mbio. Chumbani mtoto amelala, hakuna mtu mwingine. Simu ikalia tena. Safari hii ni miguu yake mwenyewe inakimbia, inakaribia, inakaribia, mlango unafunguka, na ile sauti inamnong'oneza mtoto, "Lala tu, ni mama yako ameingia."