Siti ya Dereva

Kuna swali moja ambalo fundi Yotham hajalipatia jibu mpaka leo, na sisi majirani zake wa Haneti tumechoka kumsaidia kulitafuta. Siku ile, adhuhuri, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu aliyekuwa anaswali nyuma ya nyumba, ni nani aliyekuwa akipiga stata?

Yotham si mtu wa kutishika ovyo. Amefungua injini miaka thelathini, na husema gari ni rahisi kulielewa kuliko binadamu. Lipe mafuta, lipe hewa, lipe moto kwa wakati wake. Likikataa kuwaka, kimojawapo hakijafika, basi kitafute kilipokwama.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ilikuwa Agosti, upepo mkavu unapeperusha pumba kutoka kwenye mashine ya kusaga iliyo jirani na karakana yake. Nurdini, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Kondoa, aliingia akiendesha gari la zamani la rangi ya maziwa, lililokuwa la marehemu shemeji yake, Uwesu. Yotham alilisikiliza kabla halijasimama. Injini ilikuwa inaimba.

"Gari zima hili," alisema. "Umeniletea nini, salamu?"

Nurdini hakucheka. Alieleza kwamba dada yake, Mwanahawa, alikuwa amemaliza eda juzi, baada ya miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe. Sasa alitaka kurudi Kondoa kwa mama yao, ambaye macho yalikuwa yanakaribia kuzima na ambaye kila siku aliuliza kama eda imekwisha. Gari lilikuwa linawaka na kwenda popote. Ila Mwanahawa akipanda, linazima. Akishuka, linawaka.

"Dada yako ana kilo ngapi?"

"Fundi, nisikilize basi."

"Nakusikiliza. Kuna waya umelala chini ya siti. Mtu akikaa, springi zinaubana, unagusa bodi, moto unakufa. Wewe unakaa kwa dereva, huubani. Nusu saa tu hiyo."

Nurdini alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nyumba ya Uwesu ilikuwa peke yake, mbali na lami, katikati ya mashamba ya mtama uliokwisha kuvunwa. Uzio wa miiba uliizunguka pande zote. Mwanahawa alikuwa barazani na vifurushi viwili miguuni. Alionekana amekaa hapo tangu alfajiri.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Pole na msiba."

Yotham alimfahamu Uwesu kama kila mtu alivyomfahamu, mtu mwema. Mke wake akitaka kushona nguo, yeye humleta fundi cherehani nyumbani. Akiugua, humleta muuguzi. Akitaka kusafiri, atampeleka mwenyewe kwa gari hili, akipata nafasi. Nafasi ya kwenda Kondoa hakuipata kwa miaka kumi na moja. Watu walimsifu kwa jinsi alivyomtunza, na Yotham naye aliwahi kumtolea mkewe mfano wake.

Aliliacha gari likiunguruma, akamwomba Mwanahawa apande. Mwanahawa akafungua mlango wa abiria, akaketi. Injini ikakatika. Haikukohoa wala kuyumba. Ilinyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno.

Akashuka. Nurdini akageuza ufunguo. Likawaka.

Yotham aliweka gunia la mtama pale Mwanahawa alipokuwa ameketi. Gari likaendelea kuimba. Akaongeza la pili. Akampandisha Nurdini juu ya magunia, akamwambia arukeruke.

"Ningejua ningevaa suruali ya kazini," Nurdini alisema, akiruka.

Injini haikujali. Yotham aling'oa siti ya abiria, akapitisha vidole kwenye kila waya, akairudisha. Waya zote zilikuwa salama. Akamwomba Mwanahawa akae nyuma. Injini ikakatika.

"Kwa nini asipande bodaboda mpaka lami?" Yotham aliuliza.

Mwanahawa alimtazama kaka yake kwanza. "Ilikuja jana, Nurdini alipokuwa sokoni. Ikazima hapo kwenye uzio. Yule kijana aliisukuma, ikawaka alipokuwa mbali nami."

"Na kwa miguu?"

"Nilijaribu." Alishusha sauti. "Nilipofika kwenye uzio, gari likawaka nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Nikarudi."

Yotham alijisemea kwamba msiba unaweza kumfanya mtu asikie mengi. Hakumwona mwongo wala mgonjwa. Alimwona mtu aliyechoka.

Jua lilipopanda utosini, Nurdini alichomoa ufunguo, kwa mazoea tu, akautia mfukoni, akachukua birika la maji na kuzunguka nyuma ya nyumba kuswali. Yotham hakumwona akiuchomoa. Alikuwa ameinua boneti, na boneti ya gari lile ikiinuka hufunika kioo chote cha mbele. Mwanahawa alikuwa bado kiti cha nyuma, kama alivyomwomba. Fundi alitaka kujua moto unapotelea wapi mama huyu akiwa ndani.

Alisikia mlango wa dereva ukifungwa. Akasikia springi za siti zikilia. Akajua Nurdini amerudi.

"Piga," alisema.

Stata ikazunguka. Akasogeza waya wa plagi karibu na chuma. Hakuna cheche.

"Zima."

Ikasimama.

Akahamia kwenye koili. "Piga." Umeme unafika. "Zima." Akafungua kifuniko cha distributa, akazitazama platini, vile vijichuma vya kukatia umeme. "Piga kidogo." Zikafunguka, zikafunga, safi kabisa, bila cheche. "Zima."

Walifanya kazi hivyo kwa muda. Yotham alianza kufurahi. Kila fundi anajua taabu ya mtu wa kumpigia stata. Wengi huwahi, au hukawia, au huendelea kupiga mpaka wakuunguze vidole. Huyu alisubiri neno, na neno likitoka alikuwa tayari. Yotham akataka kumsifu. Akainamisha kichwa pembeni mwa boneti.

Siti ya dereva haikuwa na mtu.

Tundu la ufunguo lilikuwa tupu.

Nyuma ya nyumba, Nurdini alikuwa anaomba dua kwa sauti ya chini.

Yotham akatazama tena siti. Kitambaa kilikuwa kimedidimia katikati, na mgongo wake umelala nyuma kidogo, kama siti inavyolala chini ya mtu mzito.

Mwanahawa alikuwa amekaa nyuma ya siti hiyo, mikono mapajani. Hakuwa akimtazama Yotham.

"Usimwambie tena," alinong'ona kupitia kioo kilichokuwa wazi kwa upana wa vidole viwili. "Anakusikiliza. Mimi hakuwahi kunisikiliza hivyo."

Yotham akashika kitasa cha mlango wa nyuma. Kitasa kikazunguka. Mlango haukufunguka. Akazunguka upande wa pili. Haukufunguka. Mkono wa kupandisha kioo ulikuwa unazunguka bure ndani, Mwanahawa anauzungusha, kioo hakishuki.

Nurdini akaja mbio. Wakavuta wawili. Wakatia bomba la chuma kwenye ukingo wa mlango. Bomba likapinda.

Bati la gari lilikuwa linaunguza viganja. Jasho lilikuwa linamtiririka Mwanahawa mpaka kidevuni. Hakupiga kelele. Midomo yake ilianza kukauka.

"Vunja kioo," Nurdini alisema.

Yotham akapiga kwa nyundo. Nyundo ikaruka. Kioo hakikuchubuka hata kidogo.

Akapiga tena. Hakuna.

Ndani, Mwanahawa aliinama mbele, karibu na kisogo ambacho hakikuwepo.

"Bwana," alisema taratibu. "Nina kiu. Nataka kurudi ndani."

Kitasa kikalia. Mlango ukafunguka wenyewe, wazi kabisa, upande wa baraza.

Alitembea mpaka kwenye mtungi, akanywa vikombe vitatu amesimama. Kisha akakaa ngazini. Nurdini alisema afuatwe shehe, isomwe Yasini, walale, kesho waone.

"Msomeeni, anastahili," Mwanahawa alisema. "Hakunipiga hata siku moja. Hakunifungia mlango. Alikuwa tu hapendi niende asipokuwepo. Nikilala humu leo, Nurdini, nitazoea. Nilishazoea mara moja." Akamgeukia Yotham. "Ile siti yake inatoka?"

"Bolti nne, mama. Nitaitoa mimi."

"Wewe hakujui. Nipe spana."

Aliingia kwenye lile gari kwa mara nyingine, akapiga magoti nyuma ya siti ya dereva. Mlango ukajifunga nyuma yake, polepole, kwa adabu, kama vile mume alivyokuwa akimfungia mkewe mlango wa gari siku zote. Nurdini akaziba mdomo kwa kiganja. Yotham alihesabu bolti kwa masikio. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa na kutu, ikakataa, ikakubali. Kisha kimya kirefu.

Ya nne.

"Twende ndani, bwana," walimsikia. "Jua kali. Nitakutilia chai."

Mlango ukafunguka.

Yotham amebeba siti za aina ile peke yake, kwa mkono mmoja. Ile waliibeba watatu, na magoti yalikuwa yanakunjika. Waliiweka sebuleni, uso ukitazama ukuta wa ndani. Mwanahawa akawasha jiko la mkaa, akachemsha chai ya maziwa, akaiweka juu ya kigoda pembeni.

"Nakuja," alisema.

Katika miaka yote ya ndoa hakuwa amemdanganya. Baadaye alimwambia Yotham kwamba neno hilo ndilo lililokuwa zito kuliko siti.

Alifunga mlango kwa kufuli. Yotham akaketi juu ya kreti la soda mahali pa dereva, akageuza ufunguo. Likawaka mara moja. Mwanahawa akapanda mbele, pembeni yake. Wote watatu wakasubiri. Injini ikaendelea kuimba. Wakapita uzio wa miiba, na magharibi ilipoingia walikuwa Kondoa, ambako bibi mmoja alimpapasa binti yake uso kwa viganja vyote viwili, kwa muda mrefu, kabla ya kukubali kwamba ni yeye.

Baada ya wiki, gari likiwa limerudishwa Haneti, Yotham alirudi kwenye ile nyumba kufuata spana yake aliyoiacha sebuleni. Ufunguo wa kufuli alikuwa nao. Akachungulia kwanza dirishani.

Siti haikuwa tena inatazama ukuta. Ilikuwa imesogea mpaka mlangoni, imegusana nao, inautazama. Kikombe kilikuwa juu ya kigoda, kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi.

Alimpigia simu Mwanahawa palepale, akirudi kinyumenyume.

"Kimeoshwa?" Mwanahawa aliuliza.

"Kimeoshwa, mama."

"Alikuwa akiosha mwenyewe. Hakutaka nichoke." Kisha akasema, "Usifungue. Nakuja."

Alikuja kwa basi, peke yake, safari ya kwanza ya namna hiyo katika maisha yake, na mfuko wa saruji kwenye buti la basi. Alisema mlango utazibwa na dirisha litazibwa, na atakayeziba ni yeye. Nurdini, aliyekuwa Haneti kwa biashara zake, alisomba matofali. Yotham alichanganya mchanga na saruji. Mwanahawa alijenga. Hakuwa amewahi kushika mwiko, na ilionekana. Saruji ilimwagika, matofali yalikaa upande, mapengo yalibaki ambayo ungepitisha kidole. Hakutaka kusaidiwa. Alianza na dirisha, akamalizia na mlango, alasiri. Akanawa mikono, akaenda kusubiri basi la kurudi Kondoa.

Asubuhi iliyofuata Yotham alikwenda kuchukua koleo lake.

Ukuta ulikuwa umesawazishwa. Kila pengo lilikuwa limejazwa. Kila mstari wa saruji kati ya tofali na tofali ulikuwa umelainishwa kwa ustadi, na pale mistari ilipokutana palikuwa na alama ya dole gumba pana, lililokandamiza kwa upole. Mwanahawa ana vidole vyembamba. Na alama zilikuwa upande wa nje.

Yotham alisimama pale mpaka jua likampata shingoni. Kisha akampigia Nurdini, na Nurdini akaja, akatazama, akakaa chini juu ya matofali yaliyobaki. Waliongea kidogo. Walikubaliana kwamba Mwanahawa hataambiwa, leo wala siku nyingine yoyote, na kwamba gari litabaki Haneti, lisipelekwe Kondoa tena, lisije likampeleka Uwesu kwake.

Ilikuwa imebaki saruji ya kutosha ndoo mbili. Nurdini hakuweza kuugusa ule ukuta. Yotham ndiye aliyeichanganya, na Yotham ndiye aliyepiga lipu, dirisha na mlango, kuanzia juu kuja chini, mpaka ilipofunikwa alama ya mwisho.