Picha ya Kumi

Mdogo wangu wa kiume, yule tunayemwita Paspoti kwa kazi yake ya kupiga watu picha za vitambulisho, hajawahi kununua kitu kizima. Jumamosi moja akaja kwangu na kamera ya zamani, nzito kama tofali, ile ya kuning'iniza kifuani ukainama kutazama kioo chake kwa juu. Aliuziwa na mjane wa mpiga picha. Lenzi imeota ukungu, kifyatulio kimeganda.

"Dada, hii ikipona, wateja watarudi wenyewe."

"Itapona, au itakuzika wewe?" nikamtania. Mama, aliyekuwa akikunja nguo, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Wiki mbili alikaa mezani kwangu na bisibisi ndogo, spiriti na pamba. Akafuta ukungu, akalainisha kifyatulio, akabandika ngozi iliyobanduka. Ndani mlikuwa na mkanda wa picha kumi na mbili. Kwa namba za kamera, nane zimeshapigwa, nne zimebaki. Mpiga picha mwenye adabu huutoa mkanda wa mwenzake. Yeye akaumalizia, eti anajaribu mashine, maana mikanda ile mipana siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi.

Ya tisa alimpiga mama uani, amesimama, anacheka. Ya kumi alimpiga binti yangu, miaka sita, ameshika kiuno. Mbili za mwisho akapiga ukuta.

Mkanda aliusafishia bafuni kwangu, akachapa ya mama peke yake. Aliponiletea, alifunga mlango kwanza.

Mama yumo. Amelala. Macho yamefumba, mikono iko kifuani.

"Si alikuwa amesimama?" nikanong'ona.

"Usimwonyeshe."

Alhamisi tulimkuta mama kitandani. Hana uhai. Mkono wa kulia juu ya wa kushoto, vilevile kama kwenye karatasi.

Baada ya mazishi nikamkokota Paspoti mpaka kwa yule mjane. Hata kiti hakutupa.

"Mmechapa ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Mume wangu alizikata gizani zile nane za kwanza, akazichapa. Wanangu wote wamo. Ya nane alijipiga mwenyewe." Akamgeukia mdogo wangu. "Si nilikwambia uutupe mkanda kabla ya yote?"

Paspoti akaanza kueleza bei ya mikanda. Kumbe aliambiwa! Aliambiwa, akaona hasara kutupa picha nne, akamsimamisha mama yetu pale, na mwanangu. Nilimzaba kofi mbele ya yule mjane, na mpaka leo sijutii.

"Na mtoto wangu?" nikauliza.

"Usiichape. Usiichome. Ifiche."

Nikaukata mkanda. Kipande cha kumi nikakitia kwenye kopo la maziwa, nikalifunga kwa gundi. Mwanangu hakufa. Hata mafua hayamshiki. Mwaka wa kwanza nilimshukuru Mungu kwa machozi. Mwaka wa pili nikaona viatu vya zamani bado vinamtosha. Wa tatu, walimu wakaanza kuniuliza maswali. Tumehama mara nne.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Wenzake wana watoto. Jino lake la mbele lililegea wiki ile ya picha, na bado linacheza. Kila asubuhi analisukuma kwa ulimi, ananiambia, "Mama, leo litang'oka."

Mimi magoti yamekwisha. Kifua hakinipi usingizi. Nikiondoka, atalelewa na nani? Na Paspoti?

Juzi alikuja. Ndani simkaribishi, akasimama mlangoni, akanong'ona, "Dada, tuichape tu. Mtoto apumzike."

Nilimtukana tusi ambalo siwezi kulirudia hapa. Kisha nikamuuliza zile karatasi za kuchapia zinauzwa wapi.