Alamu Iliyotaka Picha ya Choo

Ndinda hushona sare za shule chumbani kwake Kawangware. Cherehani yake iko karibu na dirisha. Kitanda cha mwanawe Mwanzia kiko nyuma ya pazia. Kila asubuhi, kabla ya kushona, Ndinda huwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuchemsha chai. Ya pili ni kumwamsha Mwanzia. Chai ndiyo rahisi.

Mwanzia anasomea upishi katika chuo kimoja cha ufundi upande wa Riruta. Ni kijana mpole, na mikono yake inajua sufuria. Lakini akilala, amelala. Na ukimwambia jambo leo, kesho limeshamtoka kichwani.

Siku moja aliingia darasa la mapishi akakuta wenzake wanaosha vyombo. Mwalimu wao, Madam Seline, alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Karibu, Mwanzia. Umekuja kula?"

Darasa zima likacheka.

"Pole Madam. Nilidhani ni kesho."

"Sikiliza. Ijumaa ni mtihani wa kupika. Kila kikundi kilete mpango wa mapishi, umechapwa vizuri. Anayechelewa hapiki. Asiyepika anarudia muhula mzima. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Madam."

Kikundi chake kilikuwa na watu watatu: yeye, Becky na Aketch. Aketch, msichana wa Makina kule Kibera, ndiye aliyekuwa kiongozi. Ana mwili mdogo na sauti kubwa.

"Mpango wetu uko kwa simu yako," Aketch alimwambia. "Ukiupoteza, Ijumaa hatutakaanga kuku. Tutakukaanga wewe."

Mwanzia aliogopa. Akamweleza rafiki yake Antony shida yake.

"Buda, shida si wewe," Antony alisema. "Shida ni simu yako. Haina apu za masomo. Ngoja nikutumie linki."

Antony alituma linki nyingi. Mwanzia alizibonyeza zote. Kulikuwa na apu ya kumkumbusha kunywa maji. Kulikuwa na apu inayosoma ratiba kwa sauti ya mama mmoja mkali. Kulikuwa na apu ya vitabu vya bure. Hiyo ya vitabu ilimuuliza: Niruhusu kuona majina ya watu kwenye simu yako? Niruhusu kutuma ujumbe? Niruhusu kutumia kamera? Mwanzia hakusoma. Alibonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, kama mtu anayefukuza nzi.

Apu aliyoipenda zaidi ilikuwa ya alamu. Alamu hiyo haizimiki kwa kidole. Unachagua kitu kilicho mbali na kitanda, unakipiga picha. Asubuhi ikilia, ni lazima uende ukapige picha ileile ndipo inyamaze.

Mwanzia alifikiria. Ni kitu gani kiko mbali na kitanda chake? Akatoka, akatembea hadi mwisho wa ploti, akapiga picha mlango wa choo. Mlango huo ni wa bluu na hutumiwa na wapangaji wote.

"Sasa nitaamka," alimwambia mama yake.

"Tutaona," Ndinda alisema, akaendelea kushona.

Asubuhi iliyofuata simu ililia kama gari la zima moto. Mwanzia aliruka, akakimbia na kaptura, simu mkononi. Alipofika chooni alikuta mlango wazi. Ndani, akiwa amebeba ndoo ya maji, alisimama Mzee Kagiri, mwenye ploti. Alikuwa amekuja kukagua bomba lililokuwa likivuja.

Mwanzia aliinua simu, akapiga picha.

"Picha haifanani. Jaribu tena," simu ilisema, ikazidi kulia.

Akapiga nyingine.

"Picha haifanani. Jaribu tena."

Alikumbuka kwamba siku ya kwanza mlango ulikuwa umefungwa.

"Mzee, tafadhali," alisema huku anahema. "Funga mlango kidogo nipige picha."

Mzee Kagiri aliweka ndoo chini.

"Ati nifanye nini?"

"Ingia ndani ufunge, Mzee. Ni haraka tu!"

"Ngai! Mama Mwanzia! Mama Mwanzia, njoo uone mtoto wako!"

Milango yote ya ploti ilifunguka. Ndinda alikuja mbio na futi ya kupimia nguo shingoni. Watu walisimama na miswaki midomoni. Simu ilikuwa bado inalia. Mwanzia aliufunga mlango mwenyewe, Mzee akiwa ndani, akapiga picha. Simu ikanyamaza.

"Hongera! Umeanza siku vizuri," ilisema.

Mzee Kagiri alitoka kwa hasira.

"Nimeelewa," alisema. "Umetumwa. Unapiga picha choo changu uzipeleke kwa watu wa afya. Nifungiwe ploti."

"Hapana Mzee, ni alamu..."

"Alamu gani inataka choo? Mama Mwanzia, mimi na wewe tumekaa vizuri. Lakini siwezi kukaa na mpelelezi. Jumapili isiwakute hapa."

Akaondoka. Ndinda alirudi ndani, akakaa mbele ya cherehani, lakini hakushona. Mwanzia aliona mikono ya mama yake imetulia hivyo, akajua kwa nini. Wateja wote wa mama yake wako mtaa huo. Wao wakihama, wateja watabaki.

Siku haikuishia hapo. Chuoni, Madam Seline alimwita mbele na kumwonyesha simu yake. Kulikuwa na ujumbe kutoka kwa namba ya Mwanzia: *Umechoka na kitambi chako? Mimi nimepata dawa. Bonyeza hapa.*

"Mwanzia," Madam alisema polepole, "kitambi changu kimekukosea nini?"

"Madam, haki si mimi!"

Ujumbe huo ulikuwa umeenda kwa kila mtu aliyekuwa kwenye simu yake: mchungaji, mjomba Munyao wa Machakos, hata Mzee Kagiri. Mwanzia alijaribu kufungua simu. Ilikuwa moto kama pasi. Ikaandika: *Nafasi imejaa.* Kisha ikazimika. Ilipowaka tena, mpango wa mapishi haukufunguka. Faili ilikuwa imeharibika.

Aketch aliitazama simu, kisha akamtazama Mwanzia. Watu walidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alimshika mkono wa shati.

"Twende kwa Nafuna," alisema.

Walitembea, wakavuka barabara ya Ngong, wakaingia Kibera hadi Makina. Nafuna ni jirani yake Aketch. Anasimamia maktaba ndogo ya jamii, na huwafundisha wanafunzi kutumia kompyuta. Alisikiliza habari yote. Habari ilipofika kwenye mlango wa choo, alifunika uso kwa kitabu, mabega yakatikisika.

"Samahani," alisema alipoweza kusema. "Leta simu."

Akafungua sehemu ya mipangilio na kumwonyesha.

"Hii apu ya vitabu. Umeipata wapi?"

"Linki ya Antony, rafiki yangu."

"Na Antony aliipata wapi?"

"Kwa grupu fulani."

"Unaona? Hakuna anayejua ilikotoka. Ukitaka apu, ingia kwenye duka la apu la simu yako. Angalia nani ameitengeneza. Soma maoni ya watu, hasa wale wanaolalamika. Halafu jiulize, kitu hiki kinaomba nini? Apu ya vitabu inataka majina ya watu wako ya nini? Inataka kutuma ujumbe ya nini? Kitabu kinatuma ujumbe?"

"Hapana."

"Basi usiruhusu. Ukikataa na apu ikakataa kufanya kazi, iache. Mgeni akikuomba maji, unampa. Akiomba ufunguo wa sanduku, utampa?"

Waliifuta apu ya vitabu. Wakafuta ya maji, na ile ya mama mkali. Simu ikaanza kupoa. Kisha Nafuna akamwambia abadilishe neno la siri la barua pepe, kwa sababu hakuna ajuaye ile apu ilikuwa imeona nini. Mwisho alimwambia awatumie watu wote ujumbe: *Ule ujumbe wa kitambi haukutoka kwangu. Usibonyeze. Samahani.*

"Na alamu?" Mwanzia aliuliza.

"Hiyo si mbaya. Wewe ndiye uliyechagua choo cha watu wote." Nafuna alicheka tena. "Lakini simu yako ina saa yake tayari. Weka alamu ya kawaida, uweke simu ndani ya sufuria tupu, mbali na kitanda. Utaamka. Jirani pia ataamka."

Akamfungulia kalenda, ambayo ilikuwa kwenye simu tangu mwanzo. Mwanzia hakuwa ameigusa hata siku moja. Waliandika mtihani wa Ijumaa, na kalenda ikawekwa imkumbushe siku moja kabla.

"Sasa mpango wetu?" Aketch aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo leo.

Nafuna alijaribu. Faili haikufunguka.

"Mpango umepotea. Mliuweka mahali pamoja tu, kwenye simu moja. Simu inaanguka, inaibiwa, inaingia maji. Kazi ya chuo iwekeni kwenye apu inayohifadhi maandishi kwenye intaneti. Hata simu ikifa, unaingia kwa simu ya mwingine ukitumia jina na neno lako la siri, unaikuta kazi yako. Na mnaweza kuandika wote kwa pamoja. Ukikosa bando, unaweza kuiweka mapema ifunguke bila intaneti."

"Kuna ile apu ya kuandikiwa kila kitu," Mwanzia alisema kwa matumaini. "Unaiuliza, inakuandikia mpango wote."

"Ipo. Inaweza kukueleza jambo ambalo hukulielewa, na wakati mwingine inakosea, kwa hivyo hakikisha. Lakini ikikuandikia yote, Ijumaa itakukatia vitunguu?"

Mwanzia alisogeza kiti mezani.

Walianza upya kwenye meza ya maktaba, kwa waifai ya hapo. Aketch alimpigia Becky, ambaye alikuwa kwao Riruta, naye akaingia kwenye ukurasa huohuo wa intaneti kwa simu yake. Mwanzia aliandika "vitungu". Mara herufi ikajiongeza yenyewe, ikawa "vitunguu". Mwanzia aliirusha simu mezani.

"Ina mapepo!"

"Ni Becky anakusahihisha," Aketch alisema.

Kwenye skrini kukatokea maneno: *Niaje Mwanzia. Pilau haina maharagwe. Toa hayo.*

Aketch alitoa kurasa za darasani alizoandika kwa mkono. Nafuna akawaonyesha namna ya kuzipiga picha kwa apu ya kuskani, zikatoka safi kama zimetoka kwa mashine. Jua lilipoanza kushuka mpango ulikuwa umekamilika, na ulikuwa bora kuliko wa kwanza, kwa sababu safari hii watu watatu walikuwa wameusoma.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa imebaki. Mwanzia alirudi Kawangware, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kagiri. Ndinda aliandamana naye.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha," Mwanzia alisema. Akamweleza habari ya alamu. Akamwonyesha zile picha, kisha akazifuta mbele yake. "Hakuna aliyenituma. Nilikuwa mjinga tu."

Mzee Kagiri alisikiliza akiwa amekunja mikono. Simu yake ililia mezani. Ikalia tena. Ikalia tena. Mzee alimtazama Ndinda, akamtazama Mwanzia, akashusha sauti.

"Kijana. Ile dawa ya kitambi..."

"Mzee, hukubonyeza?"

"Nilibonyeza kidogo."

Simu yake ilikuwa imetuma ujumbe kwa wapangaji wote, kwa wazee wa kanisa, na kwa mama mkwe wake. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anapiga. Ndinda aligeuka upande, akajifanya anakohoa.

Mwanzia alivuta kiti. Aliifuta apu iliyoingia Mzee alipobonyeza, akamwonyesha pa kuangalia apu gani imeruhusiwa nini, na wakabadilisha neno lake la siri. Wakaandika pamoja ujumbe wa kuomba radhi. Ule wa mama mkwe uliandikwa kwa uangalifu zaidi.

"Atiriri, sikiliza, Mama Mwanzia," Mzee alisema mwishoni. "Ile habari ya Jumapili, tuiache. Kaeni. Lakini huyu akitaka kupiga picha choo, abishe hodi."

Ijumaa alamu ililia ndani ya sufuria. Mwanzia aliamka. Jirani pia aliamka. Mwanzia alifika chuoni mapema hivi kwamba askari wa lango alimzuia.

"Unaenda wapi?"

"Darasani. Mimi ni mwanafunzi wa hapa."

"Wacha! Nimekaa lango hili tangu mwaka jana. Wanafunzi wa asubuhi nawajua wote. Wewe sijawahi kukuona."

Ilibidi asubiri nje hadi Madam Seline alipofika. Madam alisimama, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ni yeye," alimwambia askari. "Hata mimi siamini. Mfungulie."

Mpango wao ulikuwa tayari, umechapwa. Aketch alipika kuku, Becky akakata kachumbari, Mwanzia akapika pilau. Madam Seline alionja, akaandika, akaonja tena bila kuandika. Kikundi chao kilipita.

Jioni Mwanzia alimletea mama yake pilau kwenye kontena. Ndinda alisukuma nguo pembeni, akala kijiko kimoja, akafikiri.

"Chumvi imepungua kidogo," alisema. Akachota kijiko kingine kikubwa. "Lakini mpishi alifika kwa wakati."