Kidonge cha Mchana

Kila Jumamosi, mama yake alipokwenda kazini, Kichwangumu alifuatana na shangazi yake chuoni. Jina hilo alipewa nyumbani, na alilistahili: ukimwambia akae, atataka kwanza kujua kwa nini. Shangazi aliwafundisha wanafunzi wa famasia jinsi watu wanavyofanya uamuzi kuhusu dawa. Kichwangumu aliketi nyuma kabisa na kuchorachora kwenye daftari.

Jumamosi hiyo hakuchora. Sikio lake la kushoto lilikuwa linauma tena na usaha umeanza kutoka. Daktari alikuwa amempa vidonge vya siku saba, kutwa mara tatu, akamwonya kwamba akiviacha anaweza kupoteza usikivu. Vya mchana hakuvimeza. Shangazi hakuwa na habari.

"Mgonjwa ameelezwa vizuri, na bado hamalizi dawa," shangazi aliwaambia wanafunzi. "Kwa nini?"

Kijana mrefu, koti lake jeupe limenyooshwa pasi kama la bwana harusi, alijibu haraka. "Uzembe tu, mwalimu. Tuwaandikie maonyo kwa herufi kubwa."

Wenzake walicheka. Damu ilimchemka Kichwangumu, akajikuta amesimama.

"Mimi si mzembe!"

"Na wewe umeingilia wapi?" kijana aliuliza.

"Mlangoni, kama wewe! Maonyo niliyasoma yote. Lakini kidonge cha mchana natakiwa kukimeza nikiwa shuleni. Siku ya kwanza wenzangu walinizunguka, wakaniita Bibi Dawa. Tangu hapo navificha humu." Akafungua mkebe wake wa hesabu, akavimwaga vidonge vitano mezani. "Hata mngeandika herufi kubwa kama mlango, nisingemeza!"

Shangazi alivitazama vile vidonge, uso umembadilika.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Hukuniuliza, shangazi. Uliniuliza kama nimesoma karatasi ya dawa." Hakuketi.

"Ni kweli," shangazi alisema taratibu. "Nawafundisha hawa kuuliza, na nyumbani sikuuliza."

Yule kijana alikuja hadi nyuma. Safari hii hakuwa na mbwembwe. "Samahani, mdogo wangu. Dawa zingekuwa za asubuhi na jioni tu, ungezimeza?"

"Zote. Tena bila kusukumwa."

Siku hiyohiyo shangazi alimrudisha kwa daktari na kumweleza yote. Daktari alimpima upya, akambadilishia dawa, akampa za asubuhi na jioni. Kichwangumu alizimaliza zote. Aliporudi kupimwa, sikio lilikuwa limekauka na usikivu wake ulikuwa salama.

Walipotoka kliniki, shangazi alimshika bega. "Sikiliza. Kutokuuliza lilikuwa kosa letu sisi wakubwa. Kuficha lilikuwa kosa lako, na lingekugharimu sikio. Dawa ikikushinda, sema mapema, na useme inakushindia wapi."

"Na nikipewa tena ya mchana?"

"Utaimeza."

"Na wakinicheka?"

"Wacheke," shangazi alisema. "Sikio ni lako, si lao."