Kiungo Chenye Mpira

Kila akitoka shuleni, Chiriku alipitia karakana ya mama yake kumsaidia kwa kumpa spana. Jina hilo alipewa na babu, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Wiki hiyo mama alikuwa akifunga mota ya umeme kwenye boti ya babu. Kilibaki kiungo cha kuunganisha shafti ya mota na ile ya rafadha inayosukuma maji. Kesho yake babu angevuka ziwa kumuaga dada yake, aliyekuwa akihamia mbali kwa mwanawe kwa basi la asubuhi.

"Chukua chenye mpira katikati," mama alimwagiza. "Boti ikiwa majini hujipinda kidogo, shafti hazikai sawasawa. Mpira ndio unaovumilia."

Dukani vilikuwapo vya aina mbili. "Cha mpira tundu lake ni dogo, mwanangu," alisema muuzaji. "Subiri nilipanue lienee shafti yenu."

Chiriku alichungulia nje. Wenzake walikuwa wameshafika uwanjani. Mota ya umeme haingurumi wala haitikisiki, alijiambia, sasa mpira wa nini? Akachukua cha chuma kitupu.

"Vya mpira vimekwisha, mama," alisema aliporudi.

Mama aliguna. "Basi tufunge hicho hicho. Safari ni kesho."

Asubuhi boti iliondoka kimya kabisa, babu, mama na Chiriku wakiwa ndani. Babu akatania kwamba leo Chiriku atasikika hadi ng'ambo. Katikati ya ziwa shafti ikaanza kugonga, kisha bolti za kiungo zikakatika. Wakapiga kasia wote watatu mpaka mikono ikafa ganzi.

Walipofika, basi lilikuwa limeondoka. Babu alisimama kituoni na kifurushi alichomletea dada yake, asijue akiweke wapi.

"Vya mpira vilikuwapo," Chiriku alisema huku akilia. "Sikutaka kusubiri."

Babu hakumkemea, na hilo lilimuuma zaidi.

Baada ya siku chache Chiriku alikaa dukani hadi tundu likapanuliwa. Mama akafunga kiungo kipya, boti ikatulia. Babu aliitazama. "Imekuwa nzuri," alisema. "Ila sasa sina haraka ya kwenda popote."

Alipoondoka, mama alifuta grisi mikononi, akamketisha bintiye karibu.

"Ungeniambia kiungo cha mpira hakijawa tayari, ningekifuata mwenyewe jioni. Chuma nakipima kwanza ndipo nakifunga, mwanangu. Neno lako silipimi, nalipokea kama lilivyo. Ndiyo maana uliponidanganya mimi, aliyeumia ni babu yako."