Gari la Damien na Jina la Nomsa

"Zima! Nimesema zima hilo dude lako!"

"Mama, nikizima haitawaka tena!"

"Mama nani? Nimekuzaa mimi? Zima!"

Paulina alisimama katikati ya ua, tepu ya kupimia shingoni, mikono kiunoni. Nyuma yake, kwenye kamba, lilining'inia gauni jeupe la satini la bibi harusi wa Jumamosi. Mbele yake lilikohoa gari dogo jekundu la spoti, milango miwili, paa la turubai, namba za Durban, likitema moshi mweusi. Ndani yake alikaa mpangaji mpya wa chumba cha nyuma, Damien, Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi wa jengo moja la ofisi mjini. Shati lake la kazi lilipigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata nyanya.

Wapangaji wa ua ule wa La Rochelle, Johannesburg, walishatoka milangoni. Suzan, Mkenya muuza mandazi, alitoka na kikombe chake cha chai kabisa, maana ugomvi mzuri hautazamwi mikono mitupu.

"Gauni hili likiingia doa," Paulina alisema, "bibi harusi utamwoa wewe!"

Damien akazima gari. Akamtazama kuanzia kanga ya kiunoni hadi nywele zilizofungwa kitambaa cha njano.

"Kama ni fundi mwenyewe ndiye atalivaa, mie naoa leo."

Ua mzima ukacheka. Suzan alimwaga chai. Paulina alitaka kukasirika zaidi, lakini mdomo ulimsaliti pembeni. Damien alishuka, akaliteremsha gauni kwa vidole viwili kama anabeba kichanga, akamfikishia mlangoni. Alinukia sabuni na petroli.

"Pole, fundi. Ile gari iko mugonjwa. Durban ilikuwa inakimbia muzuri, imefika huku inakohoa."

"Mpeleke hospitali, basi. Usiniue mimi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wiki ya pili simu zikawa nne kwa siku.

"Chérie, uko unafanya nini?"

"Napindia suruali ya shemasi. Na wewe?"

"Nalinda mlango ambao hakuna mutu anataka kuuiba."

"Ulinde vizuri. Na macho yako uyalinde pia, hapo kwenu wasichana wanapita na visketi."

"Visketi? Mie naona tepu ya kupimia tu, mpaka usingizini."

Paulina angekata simu huku anacheka peke yake, kisha agundue ameshona mfuko wa suruali ukafungwa.

Siku ya kulipeleka gari kukaguliwa walikwenda pamoja, Paulina na gauni la kitenge cha bluu, miwani myeusi, midomo myekundu ya kufanana na gari. Mkaguzi alichomeka kidude chake kwenye bomba la moshi, akatikisa kichwa. Gari likaanguka mtihani. Mkoa huu haukubali kulisajili bila cheti cha ukaguzi, na Damien alikuwa na siku ishirini na moja tu tangu alinunue, tisa zilishaliwa.

Wakalipeleka Doornfontein kwa Salum, fundi kutoka Tanga aliyeongea na injini kama daktari wa watoto.

"Halina ugonjwa," Salum alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Limezoea hewa nzito ya baharini. Huku juu hewa nyepesi, lakini bado linakunywa petroli ile ile. Linashiba kuliko linavyopumua. Kabureta tutaibadilishia kipimo, litazoea. Sisi sote si tulizoea?"

Wakiwa njiani kurudi, wamesimama kwenye roboti, taa ya barabarani ikiwa nyekundu, Damien aliuliza kwa nini mwanamke mzuri vile alikuwa peke yake.

"Baba yangu ni wa hapa," Paulina alisema. "Alikimbilia Tanzania enzi za kupigania uhuru, akamwoa mama Morogoro, tukarudi naye wote. Kwa hiyo mimi nina kitambulisho cha hapa. Mume wangu wa kwanza alikipenda sana. Alipopata kibali chake cha ukazi kwa mgongo wangu, akahamia Cape Town na mwingine." Akageuza uso dirishani. "Niliapa. Mwanaume atakayetaja kitambulisho changu, hata kwa utani, asinitafute tena. Nataka anayenitaka mimi."

Roboti ikawaka kijani. Damien hakuondoa gari. Walipigiwa honi nyuma.

"Nimesikia," alisema mwishowe.

Siku ya kumi na tano walirudi kwa wakaguzi. Safari hii bomba lilitoa pumzi safi. Taa, breki, matairi, vyote vikapita. Paulina alipiga vigelegele palepale kwenye foleni, wazee wa Kizulu wakamwitikia. Mama wa dirishani akagonga muhuri, akachungulia fomu, akampa Paulina karatasi zote kwa tabasamu.

"Hongera, dada Nomsa. Gari lako limepita."

Paulina akatazama karatasi. Mmiliki mpya: Nomsa Mabuza. Namba ya simu chini yake.

"Damien. Nomsa ni nani?"

"Chérie, nitakuelezea."

"Sijauliza utafanya nini. Nimeuliza Nomsa ni nani."

"Ni wa kazini. Ni karatasi tu."

Ni karatasi tu. Mume wa kwanza naye alisema hivyohivyo, siku ile ya sahihi ya kibali. Paulina alitoka getini na visigino vyake, akapunga kidole juu kusimamisha teksi ya mjini, akaondoka na karatasi zikiwa bado mkononi.

Siku tatu mashine ya kushonea haikutulia wala haikushona. Sindano mbili zilivunjika. Alipika chai akaisahau, akafagia chumba kilichofagiliwa. Nje, Damien alikuwa hatulii naye: anaosha gari, anazunguka ua, anakaa, anasimama, anaosha tena. Simu ikilia Paulina anaitazama mpaka inyamaze. Alipokea mara moja tu.

"Paulina, kula unakula?"

"Kamuulize Nomsa kama anakula." Akakata.

Suzan akaja na mandazi na umbea, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Amepiga mara ngapi?"

"Kumi na saba."

"Na vile vyeti vyake vya gari, si bado uko navyo? Siku zake zinaisha Jumatatu. Amevidai?"

Paulina akachukua simu. Alizipitia jumbe za Damien moja moja kwa kidole. Umelala? Umekula? Mgongo bado unauma? Nisamehe. Karatasi hakuitaja hata mara moja.

"Hajavidai," alisema polepole.

"Basi mwenzangu, piga hiyo namba ya Nomsa, tusikie. Weka spika."

Spika hakuweka. Akapiga, akaongea Kizulu cha baba yake. Sauti iliyopokea ilikuwa ya msichana, changamfu, na nyuma yake watoto wanagombana.

"Wewe ndiye fundi nguo? Eish, hatimaye! Zamu nzima ni Paulina hivi, Paulina vile, masikio yameniota sugu."

"Kwa nini gari lake lina jina lako?"

"Kwani hakukwambia? Karatasi yake ya ukimbizi inasubiri kuongezwa muda, hawawezi kumpa namba ya kusajilia gari. Nikamwambia, mjinga wewe, si una mpenzi ana kitambulisho, mlango wa pili? Akasema akikuomba hicho, atakupoteza. Akaniomba mimi. Na kuhusu ile karatasi anaona aibu, dada. Anatembea na shati lake la pasi kali, lakini anaona aibu."

Jumapili mchana nyumba ya Paulina ilijaa. Mama yake alitoka Mayfair na sinia la pilau, Suzan alileta ukoo wake, watoto wamekaa hadi chini ya mashine. Wote walikimbilia dirishani alipochukua karatasi na kutoka uani.

Damien alikuwa ameketi kwenye ukingo wa gari. Akasimama haraka.

"Ungeniambia," Paulina alisema.

"Ningekuambia, ningeonekana natafuta karatasi. Hawa wote wangesema, Mukongo amepata alichokuja kutafuta."

"Watasema tu. Suzan ameanza."

"Nasikia kutoka hapa!" Suzan aliita dirishani.

Paulina akamwekea vyeti mkononi. "Peleka kesho. Gari libaki na jina la Nomsa mpaka uweze kuandika lako. Langu sitaliandika pale."

"Sitaki jina lako."

"Najua," alisema. "Wewe ndiye mwanaume wa kwanza kulikataa. Ndiyo maana nimekuja kukuchukua."

Damien akavitia vyeti mfukoni mwa shati.

"Umekula?" Paulina akauliza.

"Tangu Alhamisi sijui chakula."

"Mama yangu yuko ndani, atakuhoji mpaka utoke jasho. Nawa mikono, Damien. Ingia tule."