Aliyesimama Mahali pa Verity

Asubuhi, stesheni ya New Street mjini Birmingham haina huruma na mtu. Watu wanasukumana na kutazama saa, kila mmoja na haraka zake. Katikati ya purukushani hiyo mkoba wa Alun Prosser ukafunguka, na karatasi za rangi ambazo huwekwa mbele ya taa zikatawanyika miguuni mwa abiria. Msichana mrefu, koti la kijani, buti za kazi, akainama kumsaidia.

"Asante, bibie. Una urefu gani?"

"Ndivyo unavyowaanza wanawake wote?"

"Warefu tu."

Akacheka bila kutaka. Alikuwa Lorna Tuckwell, na kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa. Alun alikuwa mbunifu wa taa wa Verity Stone, mwimbaji wa roki anayejaza kumbi kubwakubwa, na ziara ilikuwa karibu kuanza. Alitaka mtu wa kusimama mahali pa Verity wakati taa za darini zikielekezwa moja moja.

"Kazi yenyewe ni kusimama?"

"Kusimama na kunyamaza."

"Kusimama naweza," Lorna akasema.

Basi akawa anasimama jukwaani, ukumbi mzima mtupu mbele yake, sauti ya Alun ikimjia kutoka gizani. Kila siku alivua buti kwanza, maana bila buti alilingana sawasawa na Verity akiwa na viatu vya kisigino. Alun alikuwa mkali kwa hilo. Taa ikipotoka upana wa kidole, aliwapandisha mafundi darini upya.

"Inua kidevu, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

"Tutajadili kwenye chipsi."

Wakajadili, mikono ikinuka siki, mvua ikiwanyeshea na wala wasijali. Mapenzi yakawakolea wote wawili. Siku ya kuelekeza taa ya wimbo wa polepole, ile moja inayobaki peke yake giza likitanda, Alun alimwona akitetemeka. "Vaa buti zako, mpenzi, sakafu barafu hiyo." Akavaa, kazi ikaendelea.

Kesho yake fundi mmoja wa darini, Barney, mdomo haujui breki, akamwambia Lorna, "Unajua Verity alikuwa wa Alun? Sasa kapata wa kumsimamisha palepale."

Lorna akauliza akiwa jukwaani. "Alun, ulikuwa na Verity?"

"Ndiyo, zamani. Sogea kushoto kidogo."

Jamani, wanaume! Lorna alisogea kushoto mpaka mlangoni, akaenda zake.

Jioni simu ikalia kwao Lorna.

"Lorna, yule na mimi tuliachana kitambo."

"Unaponitazama pale, unamtazama nani?"

Alun ni mtu wa kufikiri kabla ya kusema, na mara hii alifikiri mno. Lorna akakata simu, akalia kwa uchungu. Hakutaka kupendwa kwa niaba ya mtu.

Hata hivyo usiku wa onyesho la kwanza alikwenda. Alivaa gauni jekundu, akajibanza nyuma kabisa. Ukafika wimbo wa polepole. Giza likatanda, taa moja ikawaka, ikaangukia nywele za Verity. Uso ukabaki gizani. Maskini akajinyoosha kwa vidole vya miguu akiutafuta mwanga, asiufikie.

Lorna akashika mdomo. Ile taa ilielekezwa siku ya baridi, yeye akiwa na buti, mrefu kumpita Verity. Alun, mtu wa kugombana kwa upana wa kidole, siku ile hakumkumbuka Verity hata chembe.

Asubuhi akampigia Alun hotelini alikofikia.

"Umekosea taa."

"Najua. Meneja kasema nirekebishe kabla ya mchana, la sivyo nifungashe virago."

"Nije nisimame?"

"Hapana. Leo atasimama Verity mwenyewe. Wewe njoo ukae na mimi."

Akaja. Verity alikuwa jukwaani na sweta lake la sufu na viatu vya kisigino, kikombe cha chai mkononi, amenuna. Alun alikuwa kwenye meza ya taa, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Uliniuliza namtazama nani," akasema taratibu. "Nilishindwa kujibu kwa sababu sikuwahi kujiuliza. Jana nimejiuliza usiku kucha. Ni wewe, Lorna. Nilikuona unatetemeka, na kazi ikanitoka kichwani."

Lorna akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Utanioa," akasema.

"Hilo ni swali?"

"Si swali. Nioe kabla hujaharibu ziara nzima."

Alun akaziacha swichi za taa, akamgeukia. Kwenye ukumbi mtupu neno halifichiki, na kutoka jukwaani Verity akashusha kikombe chake.

"Alun, mjibu mwenzio," akasema. "Mimi nitasubiri."